Tangi Lililoapishwa kwa Kilatini

Nchi yetu ina jina zuri, lakini sitalitaja hapa. Kulitaja bila kibali ni kosa, na kibali hutolewa na ofisi ambayo bado haijafunguliwa. Itoshe kusema kwamba ni nchi yenye amani. Magazeti husema hivyo kila asubuhi, na redio hurudia jioni kwa ajili ya wale walioanza kusahau mchana.

Huko nyuma sheria zetu zilikuwa zimeandikwa kwa Kiswahili. Ilikuwa bahati mbaya. Watu wakaanza kuzisoma. Walizisoma saluni, walizisoma kwenye foleni ya hospitali, na muuza supu mmoja pale stendi akamwambia askari aliyezoea kunywa bure, "Afande, kifungu kinasema hapana." Askari yule alipata mshtuko, akalazwa, na serikali ikaona kwamba jambo limefika pabaya.

Waziri wa Sheria akaitisha mkutano uwanjani. Akatangaza kwamba tangu siku hiyo mahakama zitaongozwa na misemo ya Kilatini.

"Kilatini ni lugha ya heshima," alisema. "Haina wazungumzaji, kwa hiyo haina walalamikaji."

Tulipiga makofi. Mtu aliyekuwa mbele yangu alipiga mpaka mkanda wa saa yake ukakatika. Kila jaji akapewa kijitabu chenye misemo ukurasa wa kushoto na maana zake ukurasa wa kulia. Kwa kuwa kazi ya uchapaji alipewa shemeji wa Waziri, ukurasa wa kulia ulitoka mweupe. Waziri alipoonyeshwa alifurahi sana. Alisema ni vizuri zaidi hivyo, kila jaji ataweka maana kulingana na mazingira.

Ninayosimulia yalimpata mwanamke wa mtaa wetu wa Mtoni aliyeitwa Sikujua Chande. Jina hilo alipewa na bibi yake, ambaye hakujua kuwa bintiye ana mimba mpaka siku ya uchungu. Mumewe, Fikirini, alikuwa fundi cherehani, mtu mpole aliyezoea kuongea na sindano mdomoni. Kibanda chake kilikuwa chini ya tangi la maji.

Tangi lile lilijengwa na Kampuni ya Tone la Upendo. Lilizinduliwa kwa ngoma na pilau, lakini halikuwahi kumpa mtu maji, kwa sababu mabomba hayakuwamo kwenye mpango. Mvua ndiyo iliyolijaza. Fikirini alilipenda kwa kivuli chake. Asubuhi moja, akiwa anashona sare ya shule ya binti yao Tausi, likamwangukia.

Redio ilikanusha kwamba limeanguka. "Tangi limeshuka kuwafuata wananchi walipo," ilisema, na wimbo ukafuata.

Hospitalini Sikujua alipewa cheti cha kifo. Kwenye sababu ya kifo waliandika: maji safi na salama. Alikisoma akiwa bado na matope mikononi, kisha akamuuliza mhudumu, "Ina maana mume wangu alikufa maji?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama."

"Amevunjika kifua. Nimemtoa pale kwa mikono yangu."

"Pole sana, mama. Lakini kuangukiwa na mradi wa maendeleo hakumo kwenye sababu tulizoruhusiwa."

Sikujua alizika. Baada ya matanga, watu walipotawanyika, alikaa mlangoni kwake akawa anatazama upande wa shule. Kampuni ileile ilikuwa imejenga tangi jingine, pacha wa lile, juu kabisa ya darasa la tano la Shule ya Msingi Mtoni. Tausi alikuwa darasa hilo. Kutoka pale mlangoni uliweza kuona kwamba limeinama kidogo, kama mtu anayesikiliza maongezi ya jirani.

Akaenda kwa wakili. Huyu alikuwa dada mmoja aitwaye Tunu Kasimbazi, mwenye ofisi juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Tunu alikuwa na ugonjwa ambao nchini kwetu hauna tiba: alikuwa ameisoma sheria akaielewa, pamoja na Kilatini chake.

"Unataka nini hasa, Mama Tausi?" alimuuliza.

"Nataka waandike kwamba ameuawa na tangi. Wakiandika hivyo, lile la shuleni watalishusha. Wasipoandika litabaki palepale, maana kwa maneno yao hakuna tangi lililowahi kuua mtu."

Tunu alivuta kiti karibu. "Kuna msemo," alisema. "Res ipsa loquitur. Maana yake, jambo lenyewe linasema. Tangi lililojengwa vizuri haliwezi tu kumwangukia mtu anayeshona nguo. Likianguka, kule kuanguka kwenyewe kunaonyesha kuwa aliyelijenga alizembea. Yeye ndiye anayetakiwa ajieleze, si wewe."

"Hilo hata bila Kilatini nalijua, mwanangu."

"Najua unalijua. Ila siku hizi mahakamani, neno lisilosemwa kwa Kilatini halihesabiwi kuwa limesemwa."

Kesi ikapangwa mbele ya Jaji Dakta Kilembwe, mtu mnene mwenye wigi la katani lililokuwa likimwasha, kiasi kwamba hukumu zake nyingi alizitoa akijikuna. Tulijaa mahakamani. Wengine tulikaa madirishani.

"Jina lako?" aliuliza Jaji.

"Sikujua."

Jaji alifungua kijitabu chake. "Ignorantia juris non excusat. Kutojua sheria si udhuru. Nauliza tena, jina lako?"

"Sikujua, Mheshimiwa."

"Mahakama imeshakujibu."

Tunu akasimama. "Mheshimiwa Jaji, ndilo jina lake."

"Basi karani aandike kwamba mlalamikaji ameanza kwa utetezi usiokubalika," alisema Jaji, akajikuna.

Tunu hakukaa. Alisema kwa sauti ya kawaida tu kwamba Kampuni ya Tone la Upendo ni mali ya Jaji Kilembwe mwenyewe, na kwamba sheria ina msemo unaosema nemo judex in causa sua, yaani mtu asiwe mwamuzi katika shauri linalomhusu yeye. Akaomba Jaji ajitoe.

Jaji akavua miwani, akaifuta kwa joho, na uso wake ukajaa hisia.

"Msemo huo naupenda," alisema. "Nimeuchonga juu ya geti la nyumba yangu ya pili. Ndiyo maana jana, baada ya kusali, kampuni niliiandikisha kwa jina la mke wangu. Kwa hiyo shauri hili si langu, ni la mke wangu. Na wanaotufahamu mimi na mke wangu wanajua kwamba hatusikilizani hata kidogo. Ombi limetupwa."

Makarani walicheka, kwa kuwa ilikuwa saa ya kazi.

Tunu akaomba basi mteja wake asikilizwe. Jaji akafunua kijitabu tena. "Audi alteram partem. Sikiliza upande wa pili. Huyu mama ni upande gani?"

"Ni mlalamikaji, Mheshimiwa. Upande wa kwanza. Lakini maana ya msemo ni kwamba pande zote mbili..."

"Kilatini kinasema wa pili. Sisi ni nani tuongeze?"

Hivyo akasikilizwa Mwanasheria wa Serikali, Bwana Lufunga, kijana aliyevaa viatu vya ngozi ya mamba na kuongea kana kwamba anatangaza mechi. Aliongea mpaka muda wa chakula. Alisema marehemu alikaa chini ya tangi kwa hiari yake, kila siku, bila kulazimishwa na chombo chochote cha dola. Volenti non fit injuria, alisema, aliyekubali hatari hawezi kulalamika kuwa ameumizwa. Marehemu alikubali kivuli. Kivuli kilikuwa cha tangi. Aliyekubali kivuli cha kitu amekubali na kitu chenyewe.

Sikujua alimwinamia Tunu. "Anasemaje huyu?"

"Anasema baba Tausi alipenda mwenyewe."

"Alipenda nini?"

Tunu alisita. "Kuangukiwa."

Sikujua alishika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili, akakaa hivyo, akimtazama Bwana Lufunga mdomoni kama mtu anayetaka kuona maneno yale yanatokea sehemu gani ya mwili.

Alasiri Tunu aliutoa msemo wake mkuu. Aliueleza vizuri sana, taratibu, hata sisi wa madirishani tukaelewa. Res ipsa loquitur, jambo lenyewe linasema. Jaji alimsikiliza akitikisa kichwa kwa furaha.

"Mmesikia?" alimwambia karani. "Wakili anasema tangi linasema. Basi liitwe lije liseme."

"Mheshimiwa, si kwa maana hiyo," alisema Tunu.

"Wakili, ukitumia Kilatini jiandae kukisimamia."

Tangi likapelekewa wito wa kufika mahakamani. Lililetwa na trela, likafungwa kamba, na kwa kuwa halikupita mlangoni, kesi ikahamia uani. Karani alilisogelea na vitabu vitakatifu viwili, akaliuliza ni la dini gani. Halikusema. Akaliapisha kwa zote mbili ili kuondoa lawama.

Bwana Lufunga akaanza kulihoji. "Shahidi, unamfahamu marehemu Fikirini?"

Tangi lilikaa kimya.

"Je, kuna siku yoyote uliwahi kumchukia?"

Kimya.

"Uliwahi kugombana naye? Kumtishia? Mheshimiwa, naomba kumbukumbu zionyeshe kwamba shahidi ametulia na ana adabu, tofauti na baadhi ya watu waliomo humu."

Jaji akasema kwamba mahakama imelipa tangi nafasi ya kutosha, na kwamba kama jambo lenyewe lingekuwa na la kusema lingesema. Alikuwa ameshainua kalamu Sikujua aliposimama. Hakuomba ruhusa. Alipita katikati ya askari, ambao walidhani anakwenda chooni, akafika kwenye tangi, akaligusa kwa kidole. Kisha akasukuma.

Kidole kilipita. Kilizama mpaka mwisho, kama kinavyozama kwenye papai. Lile halikuwa chuma. Lilikuwa bati la kuezekea, bovu, limepakwa rangi ya chuma. Alipokichomoa, maji ya kahawia yaliyobaki ndani yakaruka, yakamlowesha Bwana Lufunga viatu vyake vya mamba, na harufu ikatufikia hadi sisi wa nyuma. Ilikuwa harufu ya panya aliyeoza.

"Sasa limesema," alisema Sikujua.

Hakuna aliyecheka. Wakili Tunu alifunga macho. Jaji alisimama, na kwa mara ya kwanza aliacha kujikuna.

"Uharibifu wa mali ya umma," alisema. "Mkamateni."

Tunu alijaribu. Alisema actus non facit reum nisi mens sit rea, kitendo peke yake hakimfanyi mtu kuwa mkosaji pasipo nia mbaya, na mteja wake hakuwa na nia mbaya ila uchungu.

"Nakubaliana na wakili," alisema Jaji. "Mama huyu hana kosa. Kilichofanya kitendo ni kidole. Kidole kiende mahabusu. Mama yuko huru kwenda nyumbani ikiwa anaweza kukiacha."

Akaenda nacho.

Tausi alilala kwetu siku hizo. Mke wangu alimpikia, lakini hakuwa akila vizuri. Kila alipotoka kwenda shule alituuliza kama akirudi atamkuta mama yake, na sisi tulimwambia labda. Tulimwambia labda kila siku kwa sauti ya uchangamfu, mpaka akaacha kuuliza.

Tunu alirudi mahakamani na ombi la habeas corpus. Akaeleza kwamba huu ndio msemo ulioheshimiwa kuliko yote, kwa kuwa humtoa mtu mikononi mwa dola. Mahakama humwambia aliyemshikilia mtu: mlete hapa mbele yangu, mwenyewe mzimamzima, kisha unieleze unamshikilia kwa haki gani. Neno kwa neno, alisema, maana yake ni "uwe na mwili". Nadhani hapo alikosea, kusema neno kwa neno.

Jaji alimgeukia mkuu wa magereza. "Afande, agizo linasema uwe na mwili. Unao?"

"Ninao, Mheshimiwa. Uko selo."

"Mahakama inakupongeza kwa kutii kabla hujaagizwa. Endelea kuwa nao."

Tulitoka nje. Kuna mambo ukiyasikia unatamani uende ukanawe masikio, na bomba la mahakama, kama yalivyo mabomba yetu yote, lilikuwa kavu.

Siku ya hukumu Sikujua aliletwa. Alikuwa amekonda, na kidole kile walikuwa wamekifunga kitambaa chekundu kama kielelezo. Jaji Kilembwe alisoma kwa sauti nzito.

"Fiat justitia ruat caelum," alisema. "Haki na itendeke hata kama mbingu zitaanguka. Sasa tuangalie ushahidi. Tangi lilikuwa juu. Kilicho juu yetu sote ni mbingu. Mashahidi wote wanakubaliana kwamba kilichokuwa juu kilianguka. Mbingu imeanguka. Kwa hiyo haki imeshatendeka, na mahakama hii haiwezi kuitenda mara ya pili."

Halafu akamgeukia Sikujua kwa huruma. Alimwambia kwamba kuhusu kesi ya kidole yuko tayari kumsamehe, alimradi atamke maneno mawili tu ya Kilatini, mea culpa.

"Maana yake nini?" Sikujua alimuuliza Tunu.

"Kosa langu."

Sikujua akamtazama Jaji. "Mume wangu ameuawa na tangi lako," alisema kwa Kiswahili. "Ulilijenga kwa mabati mabovu ukalipaka rangi. Na lingine liko juu ya vichwa vya watoto. Wewe unajua, na huyu mwenye viatu anajua, na sasa watu wote hapa wanajua."

Karani aliinua kalamu, akamtazama Jaji. "Niandike, Mheshimiwa?"

"Amesema kwa lugha gani?"

"Kiswahili."

"Basi hajasema kitu. Aendelee kuzuiliwa."

Hapo Tunu aliomba aione hati ya mashtaka. Akaisoma, akairudisha mezani kwa adabu. Polisi walikuwa wameiandika kwa Kiswahili. "Kwa uamuzi wa Mheshimiwa wa sasa hivi," alisema, "hakuna mtu aliyeshtakiwa."

Jaji alijikuna muda mrefu. Alitafuta kwenye kijitabu, kushoto kwenye misemo, kulia kwenye weupe, asipate kitu. Akamwachilia, na uso wake siku hiyo ulikuwa wa mtu aliyemeza inzi mbele ya wageni.

Sikujua hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja shuleni, akaingia darasa la tano somo likiendelea, akamshika Tausi mkono. Mwalimu akamuuliza kuna nini. Akamwambia. Wazazi waliokuwa wamemfuata kutoka mahakamani wakaingia nao, kila mmoja akachukua wake, na baada ya muda mfupi darasa likabaki na mwalimu na chaki. Naye akatoka.

Serikali ilitoa onyo. Ilisema kuwatoa watoto chini ya mradi wa maendeleo ni uchochezi. Tukakaa nao hivyohivyo, wakasomea kwenye ukumbi wa harusi, ubaoni wakisoma hesabu na ukutani maua ya plastiki.

Tangi la shuleni likaanguka adhuhuri, siku ya kazi, saa ambayo darasa la tano hufanya masomo ya ufundi mlemle darasani. Tulikimbilia huko. Madawati yalikuwa yamesagika. Sikujua alisimama pale akimshikilia Tausi kwa nguvu mpaka mtoto akasema, "Mama, unaniumiza."

Redio ilisema tangi, kwa mara nyingine, limewafuata wananchi, ila safari hii wananchi hawakuwapo kulipokea. Tunu alipeleka malalamiko mapya. Jaji Kilembwe aliyajibu siku hiyohiyo. De minimis non curat lex, aliandika, sheria haijishughulishi na mambo madogo. Darasa lilikuwa la watoto. Hata wangekuwamo, wangekuwa wadogo.

Jibu hilo lilibandikwa kwenye ubao wa mahakama. Watu walikwenda kulisoma. Hawakupiga kelele. Walisoma, wakageuka, wakampisha aliyefuata, na kila aliyetoka pale alikuwa na uso wa mtu aliyekanyaga kitu peku.

Halafu kampuni ileile ikapewa kazi ya kujenga tangi la tatu. Wakaja na turubai, viti vya plastiki na jiwe la msingi lenye maandishi ya dhahabu. Jaji Kilembwe ndiye aliyekuwa mgeni rasmi, kwa niaba ya mke wake. Tuliagizwa tuhudhurie, tukahudhuria.

"Salus populi suprema lex," alianza. "Usalama wa watu ndio sheria iliyo kuu."

Sikujua alikuwa mbele. Alisikiliza mpaka mwisho, nadhani kwa heshima. Hotuba ilipokwisha na mwongozaji akawaita wananchi wasogee walione jiwe, alitangulia. Aliinama akalisoma. Kisha akatema mate juu yake, akajifuta mdomo kwa ncha ya khanga, akaondoka na binti yake.

Nyuma yake alikuwa muuza supu wa stendi. Naye akainama, akatema. Akafuata mwalimu wa darasa la tano. Akafuata mhudumu wa hospitali aliyeandika cheti, na yeye alichukua muda kidogo, kwa sababu mdomo wake ulikuwa umekauka. Foleni ilikuwa ndefu na yenye nidhamu. Hakuna aliyesukumana. Askari walisimama wakitafuta amri, lakini aliyepaswa kuitoa hakujua kosa hilo linaitwaje kwa Kilatini. Zamu yangu ilipofika na mimi nikafanya nilichoweza.

Kesho yake gazeti liliandika kwa herufi kubwa: WANANCHI WAMWAGILIA JIWE LA MSINGI. Habari ilisema haijapata kuonekana nchini hamasa kama ile.

Tangi halijajengwa hadi leo. Kila wakileta vibarua, vibarua hulitazama jiwe, huliona lilivyo, na kuacha makoleo. Tumepata kiangazi kirefu mwaka huu, nchi nzima imekauka, hata visima vya zamani vimekauka. Jiwe lile ukipita asubuhi utalikuta limelowa.